Mashine Isiyokula Majina

Nimepakana na Sekretari kwa miaka kumi na minne, karakana yangu ya sofa na duka lake la kuchapa, chini ya ghorofa moja ya kupangisha hapa Gatina, Kawangware, na bado sijui nimweke upande gani. Kuna siku ningemtetea mbele ya hakimu. Kuna siku ningemfungia ndani ya duka lake niondoke na ufunguo. Mara nyingi ilikuwa siku hiyo hiyo moja.

Mama huyu hatukumwita kwa jina. Kwa Gatina nzima alikuwa Sekretari, na hata kule mtaa wa Raila, Kibera, alikoanzia biashara kabla ya kuhamia Kawangware, ukitaja Sekretari utaonyeshwa kibanda ambacho sasa kinauza chipsi. Mambo ya kuzaliwa na ukoo wake sitayagusa, kwa sababu mwenyewe akiulizwa hujibu, "Mimi nilizaliwa na taipraita," halafu anaendelea na kazi. Alikuwa karani katika ofisi moja ya Industrial Area mpaka mvi zikamjaa. Alipotoka huko alitoka na vitu vitatu: kiti cha mbao chenye mto wa kijani, taipraita yenyewe, na hati mkato, yale maandishi ya makarani wa zamani, vistari na vinukta ambavyo asiyefundishwa haoni ndani.

Kiti hicho hakikaliwi na mtu mwingine. Niliwahi kukikalia siku moja nikimsubiri, na aliporudi alisimama tu mbele yangu na mkoba wake begani mpaka nikainuka mwenyewe.

Kazi yake kubwa ni misiba. Sisi watu wa magharibi mwa Kenya tuliojaa Gatina, mtu wetu akifa hatumwachi Nairobi. Tunaunda kamati, tunasafirisha mwili nyumbani, na kila anayekuja kuzika anapewa programu: picha ya marehemu, ratiba ya ibada, wasifu wake, na orodha ya watoto wake. Orodha hiyo ndiyo watu husoma kwanza. Kule kwetu inasomwa kando ya kaburi, na anayesomwa ndiye anayeitwa mbele kutupa udongo. Wimbo ukikosewa utasamehewa. Lakini mtoto akirukwa, amerukwa mbele ya kijiji kizima, na hakuna wa kumrudisha.

Sekretari ni Mkamba wa Kitui, na mambo ya kwao ni mengine, lakini hili alilishika kuliko sisi wenyewe. Hakuchapa orodha bila kuihakikisha kwa sauti. Anamwambia mwenye msiba, "Soma, mimi nahesabu," kisha anatembeza kidole kwenye kioo cha kompyuta, jina kwa jina. Akifika mwisho anasema, "Rudia." Mara mbili daima. Nimeona wazee wa kanisa wenye haraka zao wakirudia kama watoto wa darasa la pili.

"Huyu Wanjala ni mmoja ama ni wawili?" angeuliza.

"Ni mmoja, Sekretari."

"Una uhakika? Kwa sababu kwa hii karatasi yako nimeona wawili, na mmoja ni wa bibi mdogo."

Na kweli walikuwa wawili.

Sasa nieleze alivyohama. Nasema kuhama kwa sababu ndilo neno alilotumia, na lilinichanganya tangu siku ya kwanza.

Alikuwa na kompyuta tatu kuukuu zilizotoka ofisini kwa watu. Alhamisi moja ilikuja familia ya kutoka Riruta kuchukua programu yao, na mwili wa mzee wao ulikuwa unaondoka Ijumaa alfajiri. Sekretari alifungua folda yake ya misiba, na mle ndani hapakuwa na misiba. Kila kazi ilikuwa imegeuka kijipicha chenye mshale mdogo pembeni, ukikibonyeza hakifungui kitu. Flashi ya mteja mmoja ilikuwa imeleta virusi. Mama mmoja wa ile familia alianza kulia pale pale dukani. Sekretari hakulia na hakuomba msamaha. Aliinama, akavuta taipraita kutoka chini ya meza, akapuliza vumbi, akachapa programu nzima kwa karatasi ya kaboni, nakala baada ya nakala, bila picha, mpaka vidole vikavimba.

Jumatatu yake nilimkuta mlangoni.

"Fundi, nimehama," akaniambia.

"Unahamia wapi? Riruta?"

"Kwani nimesema nahama nyumba? Nahama mashini. Nimeingia Linux."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilidhani ni jina la jengo.

Jamaa mmoja wa Kibera alimwekea hiyo Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, usioshikwa na virusi vya flashi, kwenye kompyuta zote tatu mchana mmoja, akaenda zake, hakuonekana tena. Yaliyobaki alijifunza peke yake, na alivyojifunza ndivyo ninavyomkumbuka zaidi. Alinunua daftari la shule na kila alichogundua akakiandika humo kwa hati mkato. Kuna dirisha jeusi ambalo unaliandikia amri nalo linakujibu kwa mistari mirefu; amri zote za dirisha hilo ziko katika daftari lake, kwa vistari na vinukta. Kwa hivyo alikuwa na mashine ambayo hakuna mtu Gatina aliyeielewa, na maelezo ya mashine hiyo ambayo pia hakuna mtu angeweza kuyasoma. Niliwahi kumwambia kwamba akiugua tutakwama sote. Akasema, "Basi niombeeni afya."

Wateja walichanganyikiwa pamoja na mimi.

"Mathe, Start iko wapi?"

"Bonyeza hapo juu kushoto."

"Hii si Windows. Ni ya ma-hacker?"

"Ni ya watu wametulia. Keti chini."

Mama mmoja wa kanisa aliona picha ya ndege mnene mweusi na mweupe kwenye kioo, akauliza kwa sauti ya chini kama ni alama ya kuabudu kitu. Sekretari, ambaye hakosi ibada, alimwambia kwamba ni ndege wa baridi tu, Mungu ndiye amemuumba. Yule mama alichukua fomu zake na kuzipeleka saiba, duka la kompyuta za kulipia, ng'ambo ya barabara. Wengi walihamia huko, kwa sababu kule kila kitu kilikuwa mahali walipokizoea. Sekretari aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga saiba ile, na mtu akiitaja alijitia hamnazo.

Alikuwa mkarimu kwa namna ambayo sikuielewa. Kalamu hakumwazima mtu, hata ya kutia sahihi. Lakini Linux yenyewe alitaka kuigawia kila mtu, akishikilia kwamba ni ya bure na kitu cha bure kikifichwa kinaoza. Siku moja niliingia na laptopu yangu ninayochorea sofa, iliyokuwa inachukua muda wa kuchemsha chai kabla ya kuwaka. Jioni nilirudishiwa ikiwa na ndege mnene ndani.

"Sekretari, sikusema unibadilishie."

"Ilikuwa inakufa. Sasa inapumua."

"Na ile diski C iko wapi?"

"Haina C."

"Sasa vitu zangu zinakaa wapi?"

"Nyumbani."

Nilienda karakana nikakaa na jibu hilo. Nilitafuta michoro ya sofa ya mteja kwa siku mbili, jasho likinitoka, kabla ya kugundua kwamba kweli kuna folda inaitwa Nyumbani na michoro yote ilikuwa humo imelala salama. Laptopu ilikuwa inawaka haraka, hilo siwezi kulikana. Lakini nikimwambia kitu kimekataa, jibu lake lilikuwa moja: "Haijakataa. Hujaiomba vizuri." Naye mwenyewe, aliyezoea kusema mashine lazima imtii mwenye nayo, kila Jumatatu asubuhi alifunga duka nusu, akaketi mbele ya dirisha jeusi na daftari lake, akisubiri mistari imalize kuteremka kama mtu anayesubiri baba mkwe amalize kuongea.

Na kulikuwa na printa ya rangi. Alikuwa nayo tangu zamani, nzuri, na tangu ahame haikuwahi kusikilizana na Linux. Alijaribu kila kitu kilichokuwa katika daftari. Mwishowe aliifunika kitambaa cha kushona kwa mkono, akaweka maua ya plastiki juu yake. Ukimuuliza, "Imepumzika." Hakuwahi kusema imeshindikana, wala kwamba alikosea kuhama. Neno samahani silikumbuki kinywani mwake. Kwa hiyo kazi zenye picha za rangi alizipanga yeye, halafu wenye msiba wakabeba flashi hadi kwa wachapaji wa town. Hayo nilidhani hayanihusu, hadi baba yangu alipofariki.

Baba alikuwa na watoto saba. Sita ni wa mama mkubwa, kule nyumbani. Mimi ni wa saba, wa mwanamke wa mtaa ule wa Raila, na mama yangu hakuwahi kuvuka Nakuru kwenda kwa kina baba. Aliyenipeleka nyumbani mara ya kwanza, nikiwa na miaka tisa, ni ndugu yangu mkubwa, kifungua mimba wa baba. Alinishika mkono kutoka barabarani hadi uani, watu wamejaa wakitutazama, akasema, "Huyu ni wetu. Mpeni chakula." Hakuna aliyebishana naye. Tangu hapo, mtu akiniuliza kama nina kwetu, ninayemfikiria ni yeye.

Ndiye aliyeongoza kamati ya mazishi ya baba, na tulipeleka kazi kwa Sekretari, kwa sababu ni jirani yangu. Nilisoma majina yote saba, yeye akahesabu. Nikarudia. La saba lilikuwa langu, na chini yake ilikaa picha kubwa ya mzee akiwa amevaa kofia yake. Kamati ilitaka nafasi ya kurekebisha ratiba ya kwaya dakika za mwisho, kwa hivyo Sekretari akampa ndugu yangu kazi ikiwa wazi, inayoweza kuguswa. Ndugu yangu akaweka flashi mfukoni, akaenda town kuchapisha. Programu zilikuja zimefungwa katoni, tukaondoka nazo pamoja na mwili.

Kando ya kaburi, mhubiri alisoma majina sita.

Nilifungua programu yangu. Sita. Chini ya la sita, picha ya baba na kofia yake. Wenzangu walienda mbele kutupa udongo, nami nilibaki nimesimama na majirani. Shangazi mmoja alinisukuma mgongoni, "Enda, si uende," lakini mguu haukuinuka. Ningeenda kama nani?

Jioni ndugu yangu alinifuata nyuma ya nyumba. Macho yalikuwa mekundu.

"Bro, sijui nikuambie nini. Mimi nilipeana tu vile ilikuwa. Ni hiyo computer ya jirani yako. Linux imekula jina."

Niliyashika maneno hayo mpaka Nairobi. Nilitaka kuyaamini, nakiri. Niliingia dukani kwa Sekretari hata kabla sijafungua karakana, nikamwambia yaliyotokea. Uso wake uligeuka jiwe. Alifungua kazi ya baba kwenye kompyuta yake, akaigeuza inielekee.

"Soma."

Nilisoma. Saba, picha chini yake, kila kitu mahali pake.

"Mashini yangu haili jina ya mtu," akasema. "Iko hapa. Sasa uliza mwenye alibeba flashi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Kama jina lilitoka hapa likiwa zima na likafika kule halipo, basi kuna mtu alilikata njiani, na njiani alikuwa mmoja tu. Nilimpigia ndugu yangu nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Akarudia yale yale, kwamba ni kompyuta. Nikamwambia kompyuta haina sababu ya kunichukia. Nilikata simu, na sikuipokea yake tena kwa miaka sita.

Sekretari hakuniuliza tena habari ile. Uvumi ulienea kwamba mashine za Sekretari zinakula majina, na wenye misiba wakapungua. Mimi ndiye niliyemtetea. Nilisimama kwenye mikutano ya kamati nikala yamini kwamba yule mama hana kosa. Na kila nilipomtetea, nilikuwa namhukumu ndugu yangu upya. Usiku sikulala vizuri miaka hiyo, na nikiamka kichwa kilikuwa na maswali yale yale.

Mwaka huu ndugu yangu ameaga dunia, kwa ugonjwa wa muda mfupi ambao niliusikia kwa watu. Shemeji yangu, mjane wake, alikuja karakana akiwa na leso begani. Nilidhani atanitukana.

"Shem," akasema, "mwenye alikuwa anaandika ya mzee bado yuko?"

Tuliingia kwa Sekretari pamoja. Amezeeka sasa, miwani imeongezeka unene, lakini kiti ni kile na mto wa kijani ni ule. Shemeji alitoa flashi iliyokuwa kwenye pete ya funguo za marehemu. Alisema ndugu yangu hakuwahi kuitoa pale. Ndani yake kulikuwa na programu ya baba, ile iliyotoka kwa wachapaji wa town, PDF yao, kazi iliyofungwa tayari kuchapwa, na tulitaka kuchukua majina ya familia kutoka humo tusianze upya.

Sekretari aliifungua. Ule ukurasa ulikuwa mbele yangu tena, majina sita na picha chini. Nilitazama pembeni. Yeye, kwa mazoea ya kazi, alivuta mausi kutoka jina la kwanza hadi chini ya ukurasa, akanakili, akabandika kwenye karatasi mpya.

Yakatoka majina saba.

Nilihesabu kimyakimya. Nilitazama ule ukurasa wa town, sita. Karatasi mpya, saba, na la saba ni langu.

"Rudia," nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia yeye neno hilo.

Akarudia. Saba.

Alifungua kazi ile ya asili upande mmoja na ya town upande wa pili, akasogeza uso karibu na kioo. Niliona jinsi alivyokuwa analinganisha herufi.

"Hizi herufi nilitumia, mtindo wake ni wa Linux," akasema polepole. "Kule town hawana hizi. Mashini yao imeweka zao, na zao ni nono. Orodha ikateremka. Picha haikuteremka." Akagusa kofia ya baba kwenye kioo. "Jina yako haikukatwa, Fundi. Iko hapa chini. Imekuwa chini ya picha ya mzee siku hizi zote."

"Kwa hivyo bro..."

"Bro wako alisema ukweli." Alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo, wa mtu nisiyemjua. "Ni mimi nilikuambia uulize mwenye alibeba flashi. Samahani."

Nilitaka kumkasirikia na sikujua nianzie wapi. Miaka sita nilikuwa nimemtetea kwa kosa lake, na nikamwadhibu ndugu yangu kwa kosa lisilo lake, na wote wawili niliwahukumu vibaya kwa moyo safi kabisa. Shemeji alikuwa analia bila sauti.

"Alikuwa anasema utachoka kukasirika," akaniambia. "Alikuwa anasema, atakuja tu, huyo ni wetu."

Hapo nililia. Nililia dukani mwa watu, mwanamume mzima mwenye vumbi la mbao kwenye nywele, na Sekretari akainuka, akanisukumia kiti chake. Nilikikalia.

Alichapa wasifu wa ndugu yangu akiwa amesimama. Alipofika kwenye ndugu wa marehemu aliandika majina matano, kisha akaandika langu, akaifunga kazi kuwa PDF isiyoguswa na mtu. Nilisoma, akahesabu. Nikarudia. Nikadhani tumemaliza. Badala yake alichomoa flashi, akachukua mkoba wake, akatoka nje na kuvuka barabara, mimi na shemeji tukimfuata, hadi kwenye ile saiba aliyoapa kutoikanyaga. Alipanga foleni nyuma ya watu wawili. Mwenye saiba alipomwona alibaki mdomo wazi.

"Sekretari! Umetutembelea?"

"Fungua hii," akasema. "Nataka kuona vile inaonekana kwenu."

Ikafunguka. Alisogea, akaweka kidole kwenye kioo cha watu, akaniambia nisome. Nilisoma majina, kidole kikishuka nayo, moja, mbili, tatu, hadi kikasimama chini ya langu. Mwenye saiba akaomba kwa upole asiguse kioo. Hakumsikia.

"Rudia," akaniambia.

Nikarudia hadi jina langu, na kidole chake hakikuondoka pale.